Swali la Jumamosi

Alhamisi, Nyanchwa

Ogeto amenuna, na anune tu. Nilikuwa sahihi.

Leo tulikagua mchoro wake wa mfumo mpya wa kupimia majani chai, ule utakaokaa kwenye wingu, yaani kompyuta za kukodi mtandaoni, badala ya seva yetu ya Nyamira. Kazi safi, lazima niseme. Seva mbili katika vituo viwili, ili moja ikifa nyingine ishike kazi. Nakala ya data kila saa.

Nikamuuliza, "Mfumo wote ukianguka Jumamosi saa nne asubuhi, tahadhari inaenda kwa nani?"

"Kwa simu yangu. Nisiposhika, kwa Moraa. Kisha kwako."

"Na sisi watatu tutakuwa wapi saa hiyo?"

Sote ni Wasabato. Simu tunazima Ijumaa jua likizama, na wakulima Wakatoliki huleta majani kiwandani Jumamosi kama kawaida. Seva tumezitenganisha vizuri, watu tumewapanga kwenye benchi moja la kanisa.

"Mungu atalinda, dada," akasema.

"Atalinda. Lakini nambari yake hujaiandika hapa."

Jumatatu naanza kumfundisha Kemunto wa ofisi ya wakulima kupokea tahadhari. Yeye husali Jumapili, na ana kichwa chepesi.

Sikuwaambia jambo moja. Mfumo wa sasa niliuchora mimi, na tahadhari zake huenda kwa majina hayo hayo matatu. Mwaka mzima, haujaanguka Sabato hata moja.

Kwa hiyo kuhusu Mungu, Ogeto hakukosea.