Jina Lililokutwa Kwenye Mfuko wa Taka

Mpendwa Shangazi Falis,

Nisaidie kabla ya Jumamosi, kwa sababu siku hiyo kuna mkutano na mimi ndiye nitakayeandika kumbukumbu zake, na nikinyamaza nitakuwa nimeandika uongo kwa mkono wangu mwenyewe.

Mimi ni karani wa chama cha wakazi hapa Umoja, nina miaka ishirini na minne, kazi nimeipata kwa majaribio ya miezi sita, na shughuli yangu kubwa ni taka: kuandika ni nyumba zipi zimetoa mifuko Jumanne na Ijumaa vijana wa mkokoteni wanapopita, na kuangalia kama watu wametenganisha, maganda na mabaki ya chakula kwenye mfuko wa kijani, chupa na plastiki kwenye wa buluu. Mwezi uliopita mtu alitupa mfuko mzima kwenye mtaro nyuma ya shule ya chekechea, mtaro ukaziba, maji yakaingia darasani, na mwenyekiti wetu, Mzee Patrobas, akaniamuru nivae glavu niupasue nitafute jina, maana huku kwetu ndivyo mwenye taka anavyosakwa, ukipata bahasha au karatasi yenye jina, kesi imekwisha. Nilipata karatasi moja iliyolowa mafuta.

"Soma, karani," akasema.

"Phelister Muhonja, nyumba nambari kumi na nane."

"Basi. Taka zimetoa ushahidi."

Nikabandika tangazo kwenye lango lake kwamba mifuko yake haitachukuliwa tena. Mama Muhonja ni mjane, anaishi peke yake, na amekaa mtaa huu zaidi ya miaka thelathini. Hakupiga kelele. Aliniambia tu, "Mwanangu, mtaro huo nimeuzibua kwa jembe langu kabla hujazaliwa. Leo niuzibe kwa nini?"

Wiki mbili baadaye nilinunua mandazi kwa Mama Sundus, anayeuza pale mtu anapoingia mtaani, na nilipofungua nikaona yamefungwa kwa fomu ya usajili ya nyumba nambari thelathini na moja, jina, nambari ya kitambulisho, simu, vyote, na fomu hizo nilimpa mimi. Tulipoandika daftari jipya Mzee Patrobas aliniambia nizichome za zamani, nami nikaona ni dhambi kuchoma karatasi nzuri wakati tunahubiria watu watumie vitu tena, nikampelekea Mama Sundus bunda zima afungie. Kwa hivyo ile karatasi ya mafuta yenye jina la Mama Muhonja ilikuwa fomu kama hii, na ingeweza kutupwa na yeyote aliyenunua mandazi.

Sijamwambia mtu. Mifuko imerundikana mlangoni pake, na juzi jirani mmoja alimwita kwa sauti, "Mama Muhonja, siku hizi unafuga nzi?" Akajibu, "Afadhali hao, bado wananitembelea." Watu wakacheka, mimi nikaingia ndani. Sasa kila Jumanne nachukua mfuko wake mmoja naupitisha kama wangu, naye anadhani ni huruma, ananiombea kwa jina. Jumamosi kamati itaamua kama nyumba yake ifutwe kabisa kwenye orodha ya kuzolewa taka. Nikisema ukweli nitafukuzwa, na mama yangu ameshatangazia kanisa zima kwamba mwanawe ana ofisi. Shangazi, je, kuna njia ya kumwokoa bila jina langu kutajwa?

Karani Mwenye Hofu, Umoja

*

Karani mwanangu,

Hakuna. Nimelijibu swali lako la mwisho kwanza ili usisome haya mengine ukiitafuta hiyo njia.

Pole, lakini. Kuona uchungu karatasi ikichomwa si ubaya. Ubaya ni kwamba karatasi hizo hazikuwa zako kugawa, zina vitambulisho vya watu, na sasa zinazunguka mtaa mzima zikinuka mafuta. Tena si wewe pekee mwenye kosa: mzee mzima amehukumu nyumba kwa kipande kimoja cha karatasi, na hakuna aliyemuuliza mwenyewe. Hayo ningekusamehe. Linaloniudhi ni kwamba umeujua ukweli kwa wiki mbili, na bado unapokea dua za huyo mama.

Leo ukitoka kazini, pitia kwa Mama Sundus uchukue kila fomu iliyobaki. Mpelekee magazeti ya zamani badala yake, hana kosa, na mandazi yake lazima yafungwe kwa kitu. Hata ukurasa huu wangu mpe, sitanuna. Ile fomu ya nyumba thelathini na moja itunze vizuri, hiyo ndiyo itakayokusemea.

Kisha nenda nyumba kumi na nane, kabla hujafika kwa mwenyekiti. Usimwambie "kumetokea hitilafu." Mwambie, "Ni mimi, mama." Akikufokea, simama ufokewe. Akinyamaza, itakuuma zaidi, nayo pia ivumilie.

Kesho mwandikie Mzee Patrobas barua fupi, useme ulichofanya na lini, umpe mkononi pamoja na hiyo fomu. Usingoje mkutano. Mzee akiaibishwa mbele za watu hutetea kosa lake mpaka mwisho, lakini akipewa siku mbili za kufikiri, huenda akaja Jumamosi akilisahihisha yeye mwenyewe. Mwombe pia msipasue tena mifuko kusaka majina. Nyinyi wenyewe mmeona jina linavyosafiri.

Unaweza kufukuzwa, sikudanganyi. Mama yako atainamisha kichwa kanisani Jumapili moja au mbili. Mama Muhonja ameinamishwa mwezi mzima kwa jambo ambalo hakuna aliyelithibitisha.

Lile tangazo ulilibandika wewe, ulibandue wewe, mchana, na uweke jingine la kumsafisha lenye jina lako chini yake. Na Jumanne usiubebe mfuko wake. Uache palepale langoni pake, vijana wa mkokoteni waje wauchukue majirani wakiona.

Shangazi Falis