Siku Mama Alipoulizwa Kuhusu Jina Langu

Bunia, Jumapili. Mvua imeanza alfajiri, ikaacha saa nne, na tope la mtaa wetu kila mtu analijua. Miguu inaniuma na nina furaha ambayo sijui niiweke wapi.

Leo mama zangu wawili wamekula meza moja kwa mara ya kwanza.

Kwa anayepita hapa bila kunijua: nilizaliwa Tchomia, kando ya ziwa. Nilikuwa na miaka miwili vita vilipotutawanya. Mama aliyenilea ni Mnande, alikuwa amekwenda kule kununua samaki. Alinikuta barabarani nikilia peke yangu, akanifunga mgongoni, akakimbia nami hadi Bunia. Aliwatafuta wazazi wangu miaka mingi. Wao walikuwa wamevuka ziwa, wakidhani nimekufa, na walirudi Tchomia baada ya miaka mingi. Mwaka jana muuza samaki mmoja sokoni alinikazia macho, akasema ninafanana mno na jirani yake. Ndivyo nilivyompata mama aliyenizaa.

Nimemtembelea mara tatu. Yeye huniita Furaha, jina alilonipa mwenyewe, nami huitika. Naungama: nilimwambia jina langu la ubatizo tu, Grasi. La nyumbani, Masika, nililificha. Kwa Wanande, Masika ni binti wa kwanza, na Kavira ndiye wa pili. Kwa mama wa Tchomia mimi ni kitindamimba, mtoto wa nne. Niliogopa ataliona jina hilo kama wizi, na Mama atamsikia akisema hivyo.

Leo mgeni wetu, mama wa Tchomia, alifika na kikapu cha samaki wa moshi. Mama akachukua mmoja, akamnusa, akamkunja mkia kama mtu anayejiandaa kupunguziwa bei. Mazoea ya biashara. Nilitamani kuingia chini ya meza. Bahati nzuri mgeni alicheka.

Kisha mdogo wangu akaleta maji ya kunawa. Mgeni akamuuliza jina. Kavira, akajibu.

Mama wa Tchomia amewauzia Wanande samaki maisha yake yote, anayajua majina yao. Akauliza Masika yuko wapi. Mama akaninyooshea kidevu.

Mgeni alinitazama, akamtazama Kavira, akabaki na mikono inayochuruzika maji. Akamuuliza Mama taratibu: "Lakini huyu njo wa kwanza wa tumbo yako. Juu ya nini ulimunyima jina yake?"

Mama hakupandisha sauti. "Nilizala Kavira, ni kweli. Lakini Masika alikuwa tayari mu nyumba. Utaita mutoto wa pili wa kwanza namna gani?"

Halafu akasimulia jambo ambalo sijawahi kulisikia. Kavira alipozaliwa, mama mkwe wake alikataa kabisa, akasema jina la binti wa kwanza wa ukoo haliwezi kukaa kwa mtoto wa kuokota. Miezi mitatu hakukanyaga nyumbani. Mama hakubadilisha kitu. Miaka yote hii naitwa, naitika, na sikuwahi kujiuliza nani alinipigania. Nilijivunia Mama.

Mama wa Tchomia akafuta mikono kwa kanga yake. Kisha akasema: "Basi ibakie Masika. Siye pia hatukumutoa mu hesabu. Wakiniuliza niko na watoto ngapi, nilikuwa najibu: ine, na yeye ndani. Watu waliniona sina akili."

Mama akamsogezea kiti karibu na chake. Kavira, mwenye mdomo wake, akasema sasa anataka fidia kwa kukosa jina. Tukacheka, tukala bugali na wale samaki, ambao Mama amekiri ni wazuri.

Nashona nguo, na juu ya mlango wangu pameandikwa Grasi, jina nililojifichia ili nisimkwaze yeyote. Kesho asubuhi, mvua inyeshe isinyeshe, namtafuta mchoraji aandike upya, kwa herufi kubwa: Masika Furaha.