Mtoto Aitwe Kiliani

Namswea,
16 Februari 1970

Kwa Dada Ida,

Shikamoo. Natumaini wewe na watoto wako wawili mmeamka vizuri huko ziwani. Sisi tunapumua. Mtoto halali, nami silali, kwa hiyo ukiona mwandiko unapanda na kushuka ujue nimempakata.

Nilijifungua tarehe tatu, mtoto wa kiume. Mume wangu Edmund, ambaye ubwana shamba umemweka kijijini kwenu mwezi wa nane sasa, amenitumia mstari mmoja tu: mtoto aitwe Kiliani. Kwenye ukoo huu hakuna Kiliani. Baba mkwe anataka aitwe Xavery, jina la marehemu mumeo, na desturi yao unaijua. Anayempa mwanawe jina la ndugu aliyekufa ndiye anayechukua nyumba yake, na mjane wake pia.

Ningefurahi kwamba Edmund amelikwepa hilo. Lakini Nazari, yule anayepakia kahawa kwenye lori, anasema jina la Kiliani Edmund alilisikia kinywani mwako, barazani kwako, akiwa anakula ugali wako. Nakuuliza kwa adabu: ni jina la nani? La baba yako? Au kuna jambo huko ambalo mimi nitaambiwa mwisho?

Ubatizo ni Jumamosi Kuu.

Ni mimi,
Mke wa Edmund

*

Ziwani,
25 Februari 1970

Kwa Mama Mtoto,

Marahaba. Nimefurahi kusikia umejifungua salama. Sisi afya ipo, mvua imezidi.

Barua yako ilinifikia imeshafunguliwa. Barua zote hapa hupitia dukani kwa Baba Mdogo Placidi, mdogo wa baba mkwe wetu, naye hupenda kujua habari za watu. Kwa hiyo nitasema kidogo. Jina nimelitoa mimi, ni kweli. Mbebe mtoto uende kwa Padre Othmar, umuulize huyo Kiliani alikuwa nani.

Nakutumia usipa, dagaa wetu wa huku, waliokauka vizuri. Mchuzi wake huleta maziwa.

Mjane wa Xavery,
Ida

*

Namswea,
9 Machi 1970

Kwa Dada Ida,

Shikamoo. Huku mtoto ana mafua, mimi mgongo. Ninyi je? Hii nimempa Nazari akupe mkononi, isipite dukani.

Nimekwenda kwa Padre, saa mbili kwa miguu kwenye tope. Alifurahi sana kuulizwa. Anasema Kiliani ni jina la watu wa Ireland. Wengine husema maana yake ni kanisa dogo, wengine husema ni ugomvi, naye hajui nani mkweli. Mwenye jina alikuwa mmonaki, akavuka bahari kwenda kuhubiri kwa Wajerumani. Huko watu wakalipenda jina kuliko hata kwao, na Wajerumani ndio waliolileta kwetu. Padre mwenyewe ameshabatiza akina Kiliani wanne, wote wazazi walichagua kwenye kalenda bila kujua habari zake.

Halafu akanieleza alivyokufa. Mtawala mmoja wa kule alikuwa amemwoa mjane wa ndugu yake. Kiliani akamwambia, mwache, huyu si mkeo. Mtawala akakubali. Mwanamke aliposikia, akangoja mtawala asafiri, akaagiza Kiliani auawe.

Dada, habari hiyo nimeielewa. Mjane wa ndugu ni wewe. Umemchagulia mwanangu jina la mtu aliyeuawa na mwanamke wa namna yako, kisha unanitumia kitoweo? Usipa wako nimewatundika juu ya moto. Sijawagusa.

Nijibu neno moja. Unamtaka mume wangu au humtaki?

Mama wa mtoto asiye na jina

*

Ziwani,
18 Machi 1970

Mdogo wangu,

Barua hii nayo anakuletea Nazari mkononi, haikupita dukani. Sikuulizi hali, najua unanisubiri.

Simtaki.

Nilipokuwa nikipika kwa masista, sista mmoja alitusimulia habari hiyo ili tujue ubaya wa wanawake. Mimi niliwaza kitu kingine. Yule mwanamke alitolewa kwa ndugu huyu akapewa yule, kisha akaambiwa aondoke, na katika yote hayo hakuna aliyemuuliza anataka nini. Kwa kuua sikumsifu. Lakini nami sijaulizwa.

Wazee wamekwisha panga. Baada ya Pasaka wataniletea Edmund nyumbani kwangu. Anamwogopa baba yake, hawezi kusema hapana. Jina lolote mtakalolitaja, wazee watalifuta waandike Xavery. Ila hili Padre atalieleza kanisani mbele yao, na Padre hawatabishana naye. Ndiyo maana nilimwambia Edmund. Yeye kukueleza aliona haya.

Sasa uamuzi uko mkononi mwako. Kama bado unanishuku, mwite Xavery. Tutakuwa wake wenza, na usipa tutakula wote.

Ida

*

Namswea,
30 Machi 1970

Kwa Dada Ida,

Shikamoo dada. Watoto hawajambo? Wangu mafua yamekwisha.

Barua yako nilikaa nayo siku nne. Nakuambia ukweli, hata asubuhi ya Jumamosi Kuu sikuwa nimekuamini. Edmund alifika amechelewa, akasimama karibu na mlango.

Padre akauliza jina. Baba mkwe akajibu kwa sauti, Xavery. Padre hakuandika, akanitazama mimi. Nikamtazama Edmund, naye akatazama viatu vyake. Hapo ndipo nilipokuamini, dada. Mwanamume mwenye mpango na wewe angenitazama usoni anidanganye.

Nikasema, "Mtoto huyu ni Kiliani."

Padre akaieleza habari yote, taratibu, kwa Kiswahili chake cha kukwama. Alipofika pale pa "mwache, huyu si mkeo" watu waligeuka wakamtazama baba mkwe. Baba mkwe alitoka kabla ya baraka. Nyumbani hakugusa chakula, hajanisemesha mpaka leo, na sijui itakuwa hivi mpaka lini. Lakini jina limeandikwa kwa wino. Anajua kila mtu aliyekuwepo ameshajua maana yake.

Edmund nimemwambia mara nyingine aseme kwa mdomo wake. Mtoto wa wiki saba hawezi kumsemea baba yake kila siku. Ameomba kuhamishwa kituo. Tutaona.

Usipa nimewapika leo. Wana mchanga kidogo. Nimekunywa mchuzi wote.

Mdogo wako,
Mama Kiliani