Kikorea cha Hotelini

Kiel, 9 Septemba 1979

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, kazi ya wodini hapa Ujerumani inaendelea. Vipi magoti yako?

Mama, Detlef anakuja Ulsan mwezi wa kumi na moja kufunga mitambo kiwandani. Najua uliapa hutampokea mkwe Mzungu. Basi siombi umpokee mkwe. Nyumba yako ni ya wageni, naye atakuja kama mgeni, alale na kulipa kama wengine. Kila jioni namfundisha Kikorea cha hotelini: "Bang isseoyo?", chumba kipo? Sakafu ni baridi. Naomba taulo. Nimelala vizuri. Naomba kukaa usiku mmoja zaidi. Hilo la mwisho linamtoa jasho.

Nina mimba, Mama. Nataka mtoto huyu akujue. Ukimfukuza baba yake, mimi nitakujaje?

Mwanao,
Sun-im

Andong, 2 Oktoba 1979

Sun-im,

Marahaba. Magoti yananiuma. Yangepona kama ningekuwa na binti karibu wa kunikanda. Kumbe habari ya mimba siku hizi inaletwa na tarishi? Kula vizuri, usibebe vitu vizito.

Huyo mtu wako aje. Atapewa chumba cha mwisho, godoro safi na supu kama wageni wote. Ila asiniite mama, na asitarajie kuku. Mkwe ndiye huchinjiwa kuku anayetaga, na mimi mkwe sina.

Mama yako

Kiel, 24 Novemba 1979

Mama,

Shikamoo. Detlef alinipigia simu kutoka Ulsan, akasema anapanda basi la Andong, simu ikakatika. Tangu hapo kimya. Usingizi sipati. Niandikie hata mstari mmoja, hata wa matusi.

Mwanao,
Sun-im

Andong, 11 Desemba 1979

Sun-im mwanangu,

Hujambo? Na huyo wa tumboni hajambo? Magoti yangu yametulia, na sababu utaisikia.

Alifika jioni, akajigonga kichwa mlangoni, akavua viatu, akasema "Bang isseoyo?" kama askari anayetoa amri. Nikamjibu kipo. Mama Gilsun wa jirani alikuwa hapa, tunatia kabichi chumvi kwa ajili ya kimchi ya msimu.

"Wee! Ndiye mkwe huyu? Kwa urefu huu utamuunganishia magodoro mawili!"

"Mgeni huyo," nikamwambia. "Osha kabichi."

Asubuhi akasema amelala vizuri, kisha akachutama karibu yetu, akaanza kupaka kabichi pilipili. Hakuna aliyemwita. Mama Gilsun akamlisha kipande mdomoni, machozi yakamtoka, akasema, "Naomba taulo." Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Baadaye akapapasa sakafu ya chumba changu. "Sakafu ni baridi," akasema, akaenda uani kuchokonoa ile njia ya moshi wa jiko inayopita chini ya sakafu na kuipasha joto, iliyoziba tangu baba yako afariki. Sasa nalala kwenye joto.

Jioni nikamkuta mbele ya picha ya baba yako, ameinama, paji la uso sakafuni. Alitaka kumwambia kitu, na maneno hana ila yale uliyompa. Akasema polepole, "Naomba kukaa usiku mmoja zaidi."

Nililia, mwanangu. Nilikuwa nimeapa, lakini baba yako asingemnyima. Nikajibu kwa niaba yake kwamba chumba kipo.

Kesho yake nikamchinja yule kuku mwekundu. Alikuwa bado anataga.

Siku ya kuondoka alitaka kuniaga kama wageni wanavyoaga, "bakini salama". Nikamshika mkono. Nikamfundisha lile tunalosema watu wa nyumba tukitoka, akalirudia na kulirudia mpaka basi likamwacha, ikabidi asubiri la jioni: "Danyeo-ogesseumnida." Naenda, nitarudi.

Basi mtoto akishapata nguvu, njooni. Na wewe usinifikie mlangoni ukaniuliza kama chumba kipo.

Mama yenu