Rejeta ya Zambarau

Buffalo, Januari

Dada Halina,

Keti kwanza, maana mkosaji amepatikana. Rejeta ya kupashia joto chumba chako, ile iliyokugandisha mpaka ukahama kwa hasira ukisema Baba anampa joto kila mtu isipokuwa wewe, leo inaunguza mkono!

Baba mwenyewe ndiye aliyeniongoza, amelala kitandani pako. Bomba linaloileta mvuke lilikuwa la moto, rejeta yenyewe baridi kama barafu. "Staszek," akasema, "hewa imenaswa humo, mvuke hauna pa kuingia. Fungua kile kidude cha kutolea hewa, ukipulize." Nikapuliza mpaka macho yakanitoka. Wapi. Tundu lake limezibwa na rangi ya zambarau. Yako, Halina. Uliipaka mwenyewe ulipokuwa msichana, kisha ukajifungia, ukamkataza Baba hata kuchungulia.

Nimefunga kidude kipya. Kikapiga mluzi, mabomba yakagonga, joto likatembea kutoka upande mmoja hadi wa pili, nami nikilifuata kwa kiganja kama mwehu. Baba alicheka mpaka akakohoa. Nikataka kuikwangua ile rangi, akanizuia: "Iache. Mwenyewe akija aione."

Chumba hiki amekichagua kwa sababu dirisha lake linatazama barabarani. Daktari anasema hatafika Pasaka. Baba hataki habari za daktari. Anasema ulikuwa unangoja tu chumba kipate joto.

Basi kimepata.

Mdogo wako,
Staszek