Nyumba ya Walio Hai

Khayega,
Alhamisi, 16 Oktoba 2025

Kwako kaka yangu Oliver,

Mulembe. Natumaini barua hii itakukuta mzima wewe, wifi yangu Rachael na Mitchel wetu. Kile kikohozi cha Mitchel kimeisha? Mwambieni asilale na nywele mbichi, huko Nairobi kuna baridi. Sisi huku tuko salama. Mvua imenyesha vizuri, maharagwe yamekubali, na yule ng'ombe wako mwekundu amezaa ndama jike. Mimi mgongo unaniuma kidogo, lakini si ugonjwa. Ni kazi, na kazi hiyo ndiyo sababu ya kukuandikia.

Najua utashangaa kuona mwandiko wangu wakati simu ipo. Kwa simu wewe hunikatiza kabla sijafika katikati ya jambo, kisha unasema uko mkutanoni. Barua haikatizwi. Khalayi, binti wa jirani yetu, anasafiri kesho na ameahidi kuiweka mkononi mwako. Nakuomba uketi uisome yote, ndipo unipigie.

Unamkumbuka Roda? Siku ya kumzika Mama ulimwona akisugua sufuria, ukaniuliza yule mama ni nani. Nilikujibu haraka kwa sababu wageni walikuwa wengi. Sasa nikujibu vizuri. Roda ndiye aliyekuwa akimgeuza Mama kitandani ile miezi saba baada ya kupooza. Mimi mchana nilikuwa sokoni kwenye cherehani yangu, maana nisiposhona hatuli. Roda alikuwa akitoka kulima vibarua vya watu saa nne, anapita kwetu, anamwosha Mama, anamlisha uji kwa kijiko, anamkata kucha. Sikuwa na mshahara wa kumpa. Nilimpa mahindi, na nikamshonea magauni mawili.

Aprili mwaka huu ukuta wa nyumba yake ulianguka. Ulikuwa udongo mtupu wa siku nyingi, na mvua ilikuwa imeunywesha maji wiki nzima. Ulianguka jioni, upande wanakolala wajukuu wake wawili, na bahati nzuri walikuwa wameenda kisimani. Roda aliokota blanketi kutoka kwenye matope, akawashika wajukuu mikono, akaenda kulala jikoni kwa kanisa. Baadaye niliwachukua wakae kwenye stoo yangu ya vitambaa. Watu walimwambia pole. Hakuna aliyeita mkutano.

Halafu mwezi wa sita akafa mzee Shikanga, yule aliyekuwa akikata miwa upande wa Mumias ujana wake wote, akarudi nyumbani bila kitu. Miaka tisa aliishi chini ya nailoni iliyofungwa kwenye miti minne. Alipokufa, kamati ya matanga ilikaa siku hiyo hiyo. Mwenyekiti ni yule yule, baba mdogo Osiako. Wakasema ni aibu kubwa mwanamume azikwe kwenye boma lisilo na nyumba. Watu wakachanga, vijana wakakata miti, wanawake tukakanyaga udongo. Kwa siku mbili, kaka, siku mbili tu, nyumba ilisimama, ina mabati mapya na mlango wa kufuli. Jeneza likaingizwa, likalala humo, kesho yake likatolewa. Kufuli likafungwa, na mpaka leo hakuna anayelala ndani.

Tulipokutana kufunga mambo ya matanga, nilijikuta nimesimama. Haukuwa mpango wangu. Niliuliza mzee Shikanga alilala kwenye ile nyumba siku ngapi akiwa hai. Nikauliza kama tunaweza kumjengea maiti kwa siku mbili, mbona Roda ana miezi miwili kwenye stoo na sisi sote tunampita njiani.

Baba mdogo alinitazama kama mtu aliyemwagiwa maji. Akasema, "Jescah, keti chini. Nyinyi wanawake munapendanga kuharibu mikutano. Hii ni kamati ya matanga, si ya ujenzi."

Nikamwambia, "Baba, mbona wiki iliyopita ilikuwa ya ujenzi?"

Watu walicheka, na nadhani kicheko hicho ndicho hajanisamehe mpaka leo. Mkutano ulipoisha, wanawake kumi na mmoja hawakuondoka. Tukasimama pale pale kwenye nyasi, tukakubaliana kwamba tutaanza na nyumba ya Roda, na tutajenga kila Jumamosi.

Hatukujua lolote kuhusu ujenzi. Sumaiya, yule anayeniletea vitambaa kutoka Mumias, ndiye aliyetutafutia fundi Ayub wa Matungu. Ni mtu mpole, Muislamu, hanywi chai mpaka aulize kama wengine wamekunywa. Alituletea mashine ya mkono ya kushindilia matofali. Unachimba udongo mwekundu wa chini, unauchekecha, unachanganya na simiti kidogo, unaujaza kwenye mashine, halafu unaning'inia kwenye mpini kwa nguvu zako zote. Tofali linatoka limekaza, halihitaji kuni. Tulimwuliza atatudai nini. Akasema chakula cha mchana, na kwamba mmoja wetu ajifunze vizuri ili yeye akiondoka kazi isife. Basi mimi ndiye niliyejifunza. Mikono yangu ya cherehani ilitoka malengelenge mpaka nikashindwa kushika sindano, lakini sasa naweza kukuambia udongo mzuri kwa kuufinya tu.

Tuliweka sheria moja: nyumba si ya bure. Anayejengewa anafanya kazi kwenye nyumba ya mwenzake, na simiti yake anairudisha kidogo kidogo ili inunue ya yule anayefuata. Roda mwenyewe ndiye aliyeishikilia sheria hiyo. Alisema hataki watu wamwonyeshe wageni kama mtoto yatima. Alifyatua matofali mengi kuliko sisi wote.

Na watu walikuja, kaka. Vijana wa boda boda wa stendi ya Khayega walikubali kila mmoja abebe safari moja ya mchanga kila Jumamosi bila malipo. Kanisani tulifanya mnada baada ya ibada, ingokho moja, kuku wa kienyeji, ikanunuliwa na kurudishwa na kununuliwa tena mara sita, mpaka ikasahaulika kuku huyo alitoka kwa nani. Mwezi wa nane ulipoisha kuta zilikuwa zimefika kwenye lenta, pale juu ya milango na madirisha.

Hapo ndipo baba mdogo alipotukata miguu. Alienda kwa wazee wa kanisa akawaambia kwamba tunaila michango ya matanga, kwamba siku mtu akifa hakutakuwa na cha kumzikia. Tangazo letu la kanisani likaondolewa. Mnada ukasimamishwa. Wanawake wawili waume wao waliwakataza kuja. Tukabaki na kuta nne zisizo na paa, na unajua mvua ya mawe ya huku inavyokuja mchana bila kubisha. Ayub alituambia wazi kwamba matofali yale yakipigwa na mvua kutoka juu wiki tatu, nne, yatalainika, na kazi ya miezi yote itarudi kuwa udongo. Tulifunika kwa magunia na majani ya migomba. Kila wingu lilipoonekana upande wa msitu wa Isecheno nilifunga cherehani, nikakimbia kwenda kushika magunia. Siku moja upepo uliyapeperusha yote, nikamkuta Roda amelala kifudifudi juu ya ukuta, amelikinga tofali la juu kwa tumbo lake.

Siku ile nilirudi nyumbani nikiwa nimeamua. Wiki iliyofuata mabati yalifika, na mbao, na misumari. Ayub na wenzake wawili walipaua kwa siku moja.

Baba mdogo alikuja siku hiyo, akasimama nje ya ua, mikono nyuma. Hakunisalimu.

"Hii pesa ya mabati imetoka wapi?"

"Imetoka kwa Mama," nikamjibu.

Alielewa. Kwa sababu yeye alikuwa anajua, ulikuwa umemwambia.

Sasa nimefika pale ambapo kalamu ilikuwa inapakwepa tangu mwanzo. Mwanzoni mwa mwezi wa tisa ulinitumia pesa ya kujengea kaburi la Mama, ya vigae na uzio wa chuma na jiwe lenye jina lake, pamoja na ya hema na fahali wa ibada ya ukumbusho Desemba. Kaka, pesa hiyo ndiyo mabati ya Roda. Ndiyo mbao zake, mlango wake na madirisha yake mawili. Haikubaki. Kaburi la Mama ni udongo vile vile ulivyoliacha, ila ninalipalilia. Na ile picha niliyokutumia kwa simu, yenye vigae vyeupe, ukaniambia nimefanya kazi nzuri na ukamwonyesha wifi yangu, lile ni kaburi la mama wa watu wengine huko njia ya Shinyalu. Nilisimama upande ambao jina halionekani.

Kwa picha hiyo nakuomba msamaha, na naomba kwa moyo wote. Nilikudanganya kwa sababu nilikuogopa, na mtu wa miaka arobaini na mbili hapaswi kumwogopa ndugu yake hivyo. Nimeibeba aibu hiyo tangu siku ile.

Lakini kwa mabati siombi msamaha. Hata ukinipigia kelele, hata ukija na ukoo mzima mkae kikao juu yangu, siombi. Pesa ilikuwa yako na uamuzi ulikuwa wako, hilo nalijua, na nimechukua kisicho changu. Ukitaka nikulipe nitakulipa kwa cherehani, gauni kwa gauni, mpaka ikamilike. Neno moja tu nakukataza kuniambia, kwamba nimemdharau Mama. Wewe ulimpenda Mama, ulilipa dawa zake kila mwezi bila kukosa, na hilo nitalisema mbele ya yeyote. Ila aliyejua Mama akilala upande gani hasikii maumivu ni Roda. Si wewe, na si mimi. Nisingeweza kumwekea Mama vigae huku mikono iliyomwosha inakinga mvua kwa tumbo.

Najua umealika wageni kutoka kazini, na askofu. Waje. Ibada tutafanya tarehe ishirini Desemba kama ulivyopanga, kwaya itaimba, na tutawapikia obusuma, ugali wetu, na ingokho washibe. Hema halitakuwepo. Wakiuliza kaburi liko wapi nitawapeleka mimi mwenyewe, na sitatazama chini.

Baba mdogo alinipa muda mpaka Jumapili hii. Alisema nisipokuambia atakuambia yeye, kwa maneno yake. Basi nimekuambia kabla yake, kwa maneno yangu, na sasa hana kitu cha kunitishia.

Lakini kuna jambo lililotokea Jumanne ambalo yeye hajanitajia, na sidhani kama atakutajia. Zilpah, binti yake wa kwanza, alikuja kwenye kibanda changu sokoni. Unajua aliachana na mume wake, akarudi na watoto watatu. Baba yake amemkataza kujenga bomani kwa sababu binti aliyeolewa hajengi kwao. Wamekuwa wakilala kwenye banda la mbuzi lililosafishwa, na sisi jamaa zake hatukuwa tunajua. Amenunua kipande kidogo cha shamba kando ya barabara kwa kuuza chai na mandazi. Aliniuliza, bila kunitazama, kama jina la mtoto wa Osiako linaweza kukubaliwa kwenye orodha yetu ya wanaojengewa.

Wanawake wengine waliposikia walisema tumkatae, baba yake aonje. Mgongo uliniuma, kaka, lakini nilisimama tena. Niliwaambia hatukuanza kazi hii ili tuchague nani anastahili kunyeshewa. Tukabishana mpaka soko likafungwa. Mwishowe Roda akachukua kalamu kutoka mkononi mwangu, akaliandika jina la Zilpah yeye mwenyewe, la pili, polepole, maana hakusoma sana. Hakuna aliyelifuta.

Kwa hiyo nyumba ya Zilpah tunaianza Jumamosi ya tarehe kumi na tatu Desemba, wiki moja kabla ya ibada. Najua utakuwa umeshapewa likizo. Ukija na hasira, njoo nayo, mpini wa ile mashine unahitaji mtu mwenye hasira. Ila njoo na viatu vya shamba, vyako vya ngozi vitaharibika.

Msalimie sana wifi yangu Rachael, na umwambie kitambaa alichoagiza nimekipata, nitamshonea akija. Mbusu Mitchel kwa niaba ya shangazi yake. Roda anakusalimu. Sijamwambia mabati yalitoka wapi, maana angeyang'oa kwa mikono yake akurudishie, na hilo ndilo jambo pekee ninalokuomba ukija: usimwambie.

Mungu awalinde nyote.

Ni mimi dada yako,
Jescah