Shimo Lililofunikwa Kabla Sijafika

Alhamisi, jioni. Jua limewaka kutwa bila wingu hata moja, na vumbi la mji wa Masii bado naliona kwenye nywele ingawa nimeoga mara mbili. Chai imepoa hapa mezani na sina nguvu ya kwenda kuipasha moto. Nimechoka, na si uchovu wa leo peke yake.

Kwa anayepita hapa mara ya kwanza: mimi ni afisa wa afya ya umma. Wengi hufikiri kazi yetu ni kuvaa koti jeupe na kufunga vibanda vya watu. Ukweli ni kwamba sehemu kubwa ni kuchungulia mahali ambapo mtu mwenye akili zake hachungulii. Leo lilikuwa tangi la maji taka la hoteli ya Mama Mwende. La zamani liliharibika, akajenga jipya, na bila sahihi yangu hawezi kufungua mlango. Amefunga karibu mwezi mzima sasa. Wapishi wake wawili wako kwao wanangoja simu.

Niseme jambo moja mapema, kabla sijaingiwa na woga. Lile tangi la zamani nililipitisha mimi.

Ni miaka sita iliyopita. Nilifika nikakuta limeshafunikwa, fundi wa wakati huo akaniapia kwamba ndani kila kitu kiko sawa, nami nilikuwa na hoteli nyingine tatu za kukagua siku hiyo na kichwa kinaniuma. Nikaweka sahihi. Mwaka huu uchafu ukapenya mpaka kwenye kisima cha jirani, mzee Ibrahim, mfanyabiashara wa mbuzi, na binti yake mdogo akalazwa hospitalini wiki nzima kwa kuhara. Alipona, namshukuru Mungu. Lakini mimi nililifungua faili, nikaiona sahihi yangu, nikalifunga tena.

Hakuna aliyeniuliza.

Kwa hiyo safari hii nilijiapiza kuona ndani kwa macho yangu. Nilimwambia Mama Mwende na fundi wake, Kyalo, kwamba tangi lisifunikwe mpaka nifike. Tukapatana Jumatano, saa nane mchana. Jumatano gari la ofisi likakosa mafuta. Nililijua hilo tangu saa sita, lakini nilipiga simu saa kumi na moja jioni kusema nitakuja kesho yake. Sina sababu ya kuchelewa kupiga. Nilikuwa nimekaa tu ofisini nikitazama karatasi.

Leo asubuhi nimefika, nikakuta limefunikwa. Slabu za zege zimepangwa, udongo umerudishwa juu yake, hata umefagiliwa vizuri. Hasira ilinipanda mpaka nikahisi masikio yanachemka. Nikadhani wananichezea.

Kumbe wala. Aliyeamuru ni mama mkwe wa Mama Mwende, ambaye hapo kila mtu humwita Susu, yaani nyanya. Nyumba yao iko nyuma ya hoteli, ua ni mmoja. Kwa Susu, shimo refu linaloweza kumtosha mtu halilali wazi nyumbani, kwa sababu linamngoja mtu. Siku zote za ujenzi walikuwa wakilifunika jioni kwa mabati ya kuazima. Jana mabati yalirudishwa kwa mwenyewe mchana, maana kazi ilitakiwa kuisha. Simu yangu ikaja jua likiinama. Susu akasimama pale na mkongojo wake, na hakuondoka mpaka Kyalo alipopanga slabu.

“Madam, ungekuja jana ungekuta iko wazi,” Kyalo akaniambia. “Sasa mimi ningefanya nini? Huyu ni mama ya watu.”

Alikuwa na haki, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Mama Mwende hakupiga kelele. Alikuwa amevaa aproni safi na ameshaloweka muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa, kwenye sufuria kubwa, akitumaini kufungua kesho. Akanisogelea, akasema kwa upole, “Daktari, huko ndani iko sawa kabisa, nakuapia. Wewe andika tu. Hata wewe naona umechoka.”

Nilikuwa nimechoka kweli. Kalamu ilikuwa mkononi, fomu iko juu ya mkoba, na kivuli cha gari kiko hatua chache tu. Nakiri kwamba nilifikiria. Nilifikiria kwa muda mrefu kuliko inavyofaa mtu aliyeshaona kilichotokea kwa jirani.

Kisha nikasema lifunuliwe.

Kazi hiyo ilikula asubuhi yote. Waliondoa udongo kwanza, halafu slabu moja moja kwa mtaimbo. Susu aliketi kwenye kigoda akinitazama bila kupepesa. Nikashuka kwa ngazi ya mbao nikiwa na tochi ya simu. Bomba la kuingiza liko juu ya lile la kutoa, inavyotakiwa. Ukuta wa katikati uko imara. Mawe yamepangwa kwa ustadi. Nikaanza kuona haya kwa kuwasumbua watu wazima bure, mpaka nilipougeukia ukuta wa upande wa kisima cha mzee Ibrahim. Kutoka kiunoni kwenda chini haukuwa na plasta. Ni mawe matupu, na kati yake kidole kinapita.

“Hapo ndipo palikuwa pamebaki, na giza ilikuwa inaingia,” Kyalo akasema kutoka juu. “Nikaona ni ukuta moja tu, madam. Iko na shida gani kweli?”

Nilimwonyesha kisima. Akavua kofia.

Sasa kuna plasta ya kupiga na kuiacha ikauke, halafu tangi lijazwe maji, tuweke alama ukutani tuone kama yanashuka. Mabati yameazimwa tena. Muthokoi wa Mama Mwende utaliwa na majirani. Susu aliniita kando, akanishika mkono. “Mwiitu wakwa, binti yangu,” akasema, “si ungesema tu mapema huji?”

Nilipokuwa nikielekea kwenye gari, mzee Ibrahim akaniita nyumbani kwake. Alikuwa ameona yote kutoka kwenye ua wake. Akanikaribisha chai ya maziwa iliyojaa tangawizi, na maji yake ni ya mkokoteni wa punda, kwa kuwa kisima hakiguswi tena. Binti yake ndiye aliyeleta sukari. Meno yake mawili ya mbele yameng'oka.

“Daktari, asante sana,” mzee akasema. “Watu kama wewe ni wachache. Lakini yule alipitisha ile ya zamani, nyinyi mnamjua? Mimi sitaki kesi. Nataka tu aje, amuone huyu mtoto.”

Nikamjibu, “Nitaangalia kwenye faili, mzee.”

Nikamaliza chai yangu, nikashukuru, nikaondoka.

Hapa kwenye blogu sina jina wala picha, na ninyi mnaosoma siwajui. Nimewaambia ukweli wote. Aliyeninywesha chai yake ndiye niliyemdanganya.

Kesho narudi Masii. Plasta inaweza kungoja. Nitapita kwanza kwa mzee Ibrahim, kabla hajaenda msikitini, nimwambie ni mimi. Sijui nitaanza vipi. Labda nitamwomba tu amwite mtoto.